Dirisha Namba Mbili: Barua za Msimu wa Udahili

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa miaka 23 nyuma ya dirisha namba mbili, ofisi ya udahili ya chuo ambacho sitakitaja. Nilianza na mafaili ya kufunga kwa kamba, nikamalizia na kompyuta. Sasa nimestaafu, niko Morogoro, nafuga kuku wa mayai na kujibu barua zenu. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, barua huja kama kumbikumbi. Safari hii nimechukua nne. Majina ya vyuo mlivyovitaja nimeyaondoa mwenyewe, msiniulize.

*Mama Dirisha, shikamoo. Nimemaliza PCM, nina B ya Hisabati, C ya Fizikia na D ya Kemia. Nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni chuo kikuu chenye jina kubwa, wamenipa shahada ya sayansi upande wa Fizikia, kozi niliyoiweka mwishoni ili tu nafasi isibaki tupu. Cha pili ni taasisi ya ufundi, wamenipa Uhandisi Umeme, kitu ninachokitaka tangu nilipokuwa natengeneza redio za majirani. Baba anasema nikienda "chuo cha ufundi" watu watajua nimefeli. Natakiwa kuthibitisha kimoja na siku zinakwisha.*
*Fundi Redio, Kahama*

Marahaba mwanangu, na hongera. Tuanze na la haraka. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa ile namba ya siri unayotumiwa kwenye simu au barua pepe. Hiyo namba usimpe mtu wa stationery akuthibitishie huku wewe umekwenda kunywa chai. Nimewahi kuona kijana analia dirishani kwangu kwa sababu "jamaa wa stationery" alibonyeza chuo kisicho chake. Kaa naye, soma kwenye kioo, bonyeza mwenyewe.

Sasa baba yako. Usimwone mkorofi. Jaribu kuhesabu alikua lini. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mpaka Sokoine cha hapa kwetu Morogoro kilipojitenga nacho mwaka 1984, ukisema "chuo kikuu" Tanzania Bara ulikuwa unasema kimoja tu, wala mtu hakuuliza kipi. Chuo Kikuu Huria kikaja miaka ya tisini, Dodoma mwaka 2007, na vingine vingi katikati. Baba yako anatumia ramani ya zamani. Barabara zilizomo bado zipo, ila mpya hazijachorwa. Mwonyeshe kwamba taasisi iliyokuchukua inatoa shahada na kwamba kozi yako imo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, kitabu kilekile chenye kozi za chuo anachokipenda. Mpe asome mwenyewe kwa miwani yake, mstari wenye jina la kozi, sifa za kuingia na idadi ya nafasi. Wazazi wa umri wake huamini maandishi kuliko maneno ya mtoto.

Lakini na wewe sikupitishi kirahisi. Kuipenda kozi hakutoshi, kwa sababu jina la kozi huandikwa na mtu mmoja na kozi yenyewe hufundishwa na mwingine. Ngoja nikueleze.

Mwaka 2009 nilimsindikiza mpwa wangu kuangalia vyuo viwili vya ufundi mitambo. Cha kwanza kilikuwa na kijitabu cha rangi, vijana wamevaa ovaroli za bluu, wameizunguka mashine kubwa ya kukereza chuma. Tukafika. Geti zuri, maua, ofisi ina kiyoyozi. Nikaomba kuiona ile mashine. Wakatupeleka karakana, na kweli ipo, imefunikwa turubai. Nilipolinyanyua upande mmoja vumbi likanijaa mkononi, na kwenye plagi kulikuwa bado na mfuko wa nailoni iliyokuja nao kutoka kiwandani. Pale nje alikuwa amekaa kijana wa mwaka wa pili anakula mihogo. Nikamuuliza, "Hii mashine mnaitumia?" Akasema, "Tunaichora, mama. Kwenye mtihani inakuja uichore na utaje sehemu zake."

Cha pili hakikuwa hata na uzio. Mashine tatu kuukuu, moja mpini wake umefungwa kwa waya. Sakafu imelowa oili, mabaki ya chuma yamejisokota kama nywele, na ubaoni kuna orodha ya majina kwa chaki, nani anaingia saa ngapi, nani amechelewa jana. Mwalimu alitusalimia kwa kiwiko kwa sababu viganja vyake vilikuwa vyeusi. Mpwa wangu hakuniuliza kitu, alianza kusoma yale majina ubaoni kama anatafuta la kwake. Leo ana karakana yake Mwanza, na mimi ananitengenezea vyombo vya kulishia kuku kwa bei ya undugu, yaani bure.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, panda gari uende. Kama nauli haipo, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyohiyo. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi hawakosekani. Usimuulize "chuo kikoje?" Atakujibu "kiko poa". Muulize muhula uliopita waliingia maabara mara ngapi. Muulize waligawana kifaa kimoja watu wangapi, fildi, yaani mafunzo ya kazini, alikwenda wapi, na nafasi ya fildi alitafutiwa au alizunguka na barua mwenyewe. Akijibu haraka kwa majina ya mahali na ya vifaa, hapo panafundishwa. Akianza kukuhesabia majengo, muulize tena.

Swali jingine peleka ofisini kwao: kozi hii, nikimaliza, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaitambua? Bila usajili wa bodi hutasaini mchoro kama mhandisi hata ukiwa na shahada tatu. Hili linawahusu na wengine wanaosoma hapa. Shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili, kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) mbele yake. Mhasibu ana mitihani ya NBAA, mtu wa manunuzi ana ya PSPTB, muuguzi ana baraza lake. Watu wengi hugundua mlango wa pili wakiwa wamekwisha kuvaa joho.

Ukiniuliza mimi, kwa barua yako hii, naenda Uhandisi Umeme kama majibu ya mwaka wa tatu ni mazuri. Yakiwa mabaya, Fizikia ya chuo kikubwa yenye maabara inayofanya kazi ni bora kuliko umeme wa kuchora. Mzee mwambie nimesema hivyo, na kwamba mimi mwenyewe nilichagua chuo kwa sababu basi la mji ule lilikuwa linapita mbele ya duka la baba yangu, nikaona nitarudi nyumbani kirahisi. Nikasoma utunzaji wa vitabu vya hesabu miaka miwili, na sikuwahi kuupenda hata siku moja. Kurudi nyumbani kweli kulikuwa rahisi.

*Habari za kazi Mama Dirisha. Nina swali fupi. Kozi gani ina ajira?*
*Msomaji, Mbagala*

Nzuri ndugu yangu. Hili niliulizwa dirishani kila mwaka, na kila mwaka jibu la mtaani lilikuwa tofauti. Kwanza ilikuwa ualimu: mpaka karibu na mwaka 2015 ulikuwa unamaliza, unakwenda nyumbani kusubiri kupangiwa kituo. Leo walimu wanapanga foleni ya usaili. Mwaka 2012, 2013, habari za gesi ya Mtwara zilipopamba moto, foleni yangu nzima ikageuka mafuta na gesi. Kuna mama alitaka mwanawe aliyesoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, apelekwe huko, nikambembeleza mpaka saa nane mchana. Kozi hukaa miaka mitatu au minne, na ajira unayoiona leo ni ya mtu aliyeingia chuo zamani. Angalia badala yake nani yuko mtaani kwenu anaishi kwa kazi hiyo. Mfuate siku ya kazi, si Jumapili. Kaa naye tangu asubuhi hadi jioni. Ukichoka kabla yake, umeokoa ada.

*Dada yangu, salaam kutoka Tanga. Binti yangu ana PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), alama zake hazikutosha udaktari hapa nchini. Amejitokeza wakala, anasema atampatia nafasi nje ya nchi, nimlipe laki sita za "kushikilia kiti" kabla ya Ijumaa. Barua ya chuo atanipa nikishalipa. Mume wangu amekubali, mimi roho inasita.*
*Mama wa Binti, Tanga*

Wa aleikum salaam dada. Roho yako ina akili. Barua inayokuja baada ya pesa mimi siijui. Nilikaa dirishani miaka 23 na barua ya kukubaliwa hutangulia, ada hufuata, tena kwenye akaunti ya chuo, kwa jina la chuo.

Sikatai vyuo vya nje, wapo waliosoma huko na ni madaktari wazuri. Fanyeni haya tu kabla ya Ijumaa yake hiyo. Mwambie akuandikie jina kamili la chuo na mji wake, kisha ulizeni TCU, kwanza kuhusu chuo, pili kama yeye ni wakala anayetambulika, maana wana orodha. TCU ndiyo itakayokuja kuitathmini tuzo ya binti akirudi, kwa hiyo ni bora mkutane nao sasa kuliko baada ya miaka sita. Halafu ulizeni Baraza la Madaktari Tanganyika anayetoka nje anapitia nini mpaka aanze utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na asajiliwe. Muulizeni pia huyo bwana masomo ni kwa lugha gani. Mtoto anaweza kufundishwa darasani kwa Kiingereza halafu wodini akakuta mgonjwa na muuguzi wanazungumza lugha asiyoijua hata salamu.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa Tanga mnaidharau bila sababu. Diploma ya utabibu chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, miaka mitatu, kisha akipata GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada kwa sifa ya diploma. Anachelewa, ndiyo. Ila anakuwa na cheti cha kazi mkononi wakati anachelewa, na mtu aliyekwisha kumchoma sindano mtoto anayerusha miguu hatishwi na mwaka wa kwanza wa udaktari.

Wakala akikwambia nafasi itachukuliwa na mwingine, mpongeze huyo mwingine.

*Shikamoo mama. Mimi ni fasti yia, niko Dodoma. Kozi niliichagua mwenyewe na chuo nakipenda, tatizo ni mimi. Bumu la kwanza, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, liliisha ndani ya wiki tatu, sasa nakula kwa kudoea. Koswaki ya Takwimu (alama za kazi za muhula) nimepata 13 kati ya 40. Wenzangu wanasema nitasapu, wengine wanasema nitadisko kabisa, nifukuzwe chuo. Kuna desa la mwaka jana (maswali na majibu ya kurithishana) tunalisoma lakini haliingii. Nafikiria kuahirisha mwaka nirudi nyumbani Kasulu. Nyumbani sijasema.*
*Naogopa, Dodoma*

Marahaba binti yangu. Kwanza kaa chini tuhesabu, maana Takwimu inakutisha kuliko inavyostahili.

Una 13. Mtihani wa mwisho una 60. Kama chuoni kwenu ufaulu unaanzia 40, unahitaji 27 kati ya 60, yaani pungufu ya nusu. Ukitaka kufika 50, unahitaji 37. Hiyo siyo hesabu ya mtu wa kufungasha begi. Na sapu ni mtihani wa pili, basi. Nimewapa watu vyeti mkononi waliowahi kusapu mara tatu. Kudisko kuna masharti yake, yameandikwa kwenye kitabu cha taratibu za mitihani mlichopewa mlipofika. Kitafute, nadhani kiko chini ya godoro. Wanaokutisha kimbwetani, pale mnapojisomea nje, hawajakisoma.

La pesa. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini inakuja kwa mkupuo, ndiyo maana inadanganya macho. Ukisaini bumu la siku 60 unaona laki sita, na kwa mtu aliyetoka Kasulu na elfu ishirini kwenye soksi hiyo ni pesa ya harusi. Kuna kijana alinijia dirishani mwezi wa kumi na mbili kuomba barua ya kuchelewesha ada, midomo imepauka. Nikamuuliza bumu limekwenda wapi. Akasema, "Mama, nilinunua sabufa." Nikamuuliza na chakula? Akasema jirani zake wanamwitaga kula kwa sababu wanapenda kusikiliza muziki kwake. Angalau yake iliwasaidia watu. Yako sijui ilinunua nini, hukusema, nami siulizi. Likija la pili, siku hiyohiyo kabla hujarudi chumbani, lipa kodi yote ya muda huo, nunua mchele, unga, maharage, mafuta na sabuni vya mwezi. Kinachobaki kigawe kwa wiki, na cha wiki tatu za mwisho mpe mtu mgumu akutunzie. Usimpe mnayekaa naye chumba kimoja, huyo atakukopa. Kwa sasa, tafuta wenzako watatu mpike sufuria moja. Kudoea kunachosha kuliko njaa, kwa sababu unashinda unapiga hesabu nani anapika nini.

Sasa desa. Hapa nitakusimulia jambo ambalo hata watoto wangu hawalijui.

Muhula wangu wa kwanza nilipata 11 kati ya 40 kwenye somo la gharama. Wewe umenipita. Mwalimu wetu alikuwa mtu mkali, sauti yake ilifika kabla yake. Nilikaa nje ya mlango wake siku mbili. Nikisikia kiti kinasogezwa ndani, naondoka. Siku ya tatu akafungua mwenyewe anakwenda kutupa maganda ya ndizi, akanikuta. "Wewe mtoto umekuja kupaka rangi ukuta?" Nikampa karatasi yangu. Akaisoma yote, amesimama, maganda mkononi. Kisha akaniuliza, "Swali la pili linauliza kiwanda cha nini?" Nikasoma: cha viatu. "Wewe umejibu cha nini?" Nikaangalia jibu langu. Sabuni. Kurasa mbili na nusu za kiwanda cha sabuni, na hesabu zake zote, nzuri kabisa, mpaka jumla ya chini.

Lilikuwa swali la mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimelikariri kutoka kwenye desa, mkono ukaandika wenyewe.

Hakunifokea. Alivuta kiti, akachora meza ya viatu kwenye bahasha ya kaki, akaniambia nijaze. Nilipokosea alinyamaza tu akasubiri. Ilichukua dakika kama ishirini. Ndiyo mara ya kwanza nilielewa kitu chuoni, na ilikuwa mwezi wa pili tangu nifike. Darasani tulikuwa 140. Pale mlangoni nilikuwa peke yangu, siku tatu mfululizo hakuna mwingine aliyekuja. Baadaye, nikiwa mfanyakazi, nilikuwa napita korido za walimu saa za mashauriano, ile karatasi ya ratiba imebandikwa kila mlango, na viti vya kungojea vitupu. Wanafunzi hulipia ada nzima na hilo fungu hawalichukui.

Kwa hiyo desa liweke pembeni. Lina kazi yake, ya kujua maswali yanavyoulizwa, ukikaribia mtihani. Jumatatu angalia mlango wa mwalimu wa Takwimu ana saa ngapi za mashauriano. Nenda na karatasi yako ya 13 ileile, usiifiche, na daftari. Usimwambie "sielewi somo", hatajua aanzie wapi. Weka kidole kwenye hatua ulipopotea: "Mpaka hapa nimefika, kutoka hapa kuja hapa umepitaje?" Hata akiwa na haraka, swali hilo linajibika akiwa amesimama. Jioni yake nenda kimbwetani na wale watatu wa sufuria, uwafundishe alichokuonyesha. Ukikwama wakati unafundisha, hapo ndipo hujaelewa. Andika, rudi naye wiki ijayo.

Kuahirisha mwaka kupo, na hasa ni kwa wagonjwa na wenye matatizo mazito kama msiba. Kama kuna ugonjwa hukuuandika, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi kesho asubuhi, usisubiri Jumatatu, na ukae mpaka mtu akusikilize. Kama hakuna, usirudi Kasulu. Piga simu nyumbani leo useme Takwimu ni ngumu na pesa iliisha. Mama yako atagomba kama dakika tano. Baada ya hapo atakuuliza umekula nini.

Na karatasi ya mtihani, kabla hujaandika neno, soma wanauliza kiwanda cha nini.